Mwanafunzi Mwenye Miguu Miwili: Mwongozo kwa Walimu wa Mbwa

Mwalimu wa mbwa aliyeiva humsamehe mbwa karibu kila kitu. Mbwa akimkojolea kiatu, mwalimu anasema mnyama ana wasiwasi. Akitafuna mkanda wa begi, anasema amekosa mazoezi. Akigoma kukaa chini, mwalimu anajiuliza kama amedai jambo kubwa mapema mno. Kisha mwenye mbwa anasahau zoezi moja la wiki iliyopita, na mwalimu huyohuyo anavuta pumzi ndefu na kusema, "Mama, si nilikueleza?"

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mama huyo. Kila kanuni unayoitumia kwa mbwa inamfaa pia aliyeshika kamba, na aliyeshika kamba ndiye mwanafunzi wako hasa. Wiki ina saa 168. Ukimfundisha mbwa kwa saa moja, saa 167 zilizobaki ziko mikononi mwa watu wa nyumba ile, na mbwa atafuata walivyo wao.

Asiyependa kuona mteja akiwekwa darasa moja na mbwa atulize moyo. Karen Pryor, Mmarekani aliyeanza kwa kufundisha pomboo huko Hawaii katika miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1984 kitabu kiitwacho Don't Shoot the Dog. Jina linataja mbwa, lakini ndani yake wamejaa wanandoa, watoto, wakubwa wa kazini na majirani. Mwaka 2006 mwandishi Amy Sutherland, aliyekuwa amekaa na wanafunzi wa chuo cha kufundisha wanyama huko California, alieleza katika gazeti la New York Times jinsi alivyozitumia mbinu zao kwa mume wake. Wewe unaombwa kidogo zaidi: uzitumie kwa mteja anayekulipa.

1. Salimia watu kabla ya kumgusa mbwa

Mbwa mwenye adabu hamwendei mgeni usoni. Anazunguka kwa upinde, ananusa, anangoja kukaribishwa. Fanya hivyohivyo getini. Kama nyumba iko Mikocheni au Mbezi Beach, atakayekufungulia ni mlinzi. Muulize jina, na kama ni mkubwa kwako mpe shikamoo yake. Ndani uliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi. Ukikaribishwa chai, kunywa. Bibi akiwa amekaa barazani, msogelee umwamkie hata kama mbwa unayemfuata amelala upande wa pili wa ua.

Mwalimu anayepiga magoti na kumkumbatia mbwa kabla hajamsalimu mwenye nyumba amekwisha kuwaambia wenyeji kwamba wao hawahesabiki. Maelekezo yake yote ya siku hiyo yatapokelewa na masikio yaliyofungwa. Na mbwa mwenyewe anakutazama. Mgeni anayecheka na wenyeji kwa utulivu humpa sababu ya kutulia naye.

2. Soma mwili wa mteja

Turid Rugaas, mwalimu wa mbwa kutoka Norwe, amewafundisha wengi kuzitambua ishara ambazo mbwa hutoa anapoelemewa: anapiga miayo bila usingizi, anajiramba pua, anageuza kichwa pembeni, ananusa ardhi isiyo na kitu. Ukiziona, unapunguza mzigo. Humfokei mbwa kwa kupiga miayo.

Mteja naye ana zake. Anatoa simu na kuiangalia bila kuifungua. Anacheka mahali pasipochekesha. Anaishika kamba kwa mikono miwili mpaka mishipa inamtoka. Ishara kubwa kuliko zote ni "sawa" ya mara tatu mfululizo, "sawa, sawa, sawa." Anayesema hivyo ameacha kusikiliza tangu ile ya kwanza. Nyamaza. Mpe nafasi amshike mbwa kichwa na kupumua, kisha rudi kwenye jambo moja tu.

Angalia pia umbali. Mbwa anayebwekea mbwa mwingine aliye hatua tano mbele yake hawezi kujifunza lolote, ndiyo maana unamrudisha nyuma hadi atakapoweza kukusikia. Mteja anayefundishwa barabarani, majirani wakitazama na watoto wa mtaa wakicheka, yuko katika hali hiyohiyo: aibu imemjaa na maneno yako hayana pa kuingia. Mrudishe uani. Akishaweza hapo, nendeni kwenye geti, kisha barabara tulivu saa kumi na mbili asubuhi. Barabara yenye watu itafika zamu yake.

3. Zawadi itoke papo hapo

Kwa mbwa unajua: akikaa, kipande cha maini kimfikie wakati makalio bado yako chini. Ukichelewa, unakuwa umemlipa kwa kusimama. Sasa kumbuka unavyomsifu mteja. Somo linaisha, unafunga begi, unasema, "Leo mmejitahidi." Wamejitahidi katika lipi? Hawajui, na wiki ijayo hawataweza kulirudia.

Msifu wakati mkono wake unafanya jambo lenyewe. "Hapo hapo, mzee! Kamba imelegea, umeona alivyotulia?" Sifa ya namna hiyo haina kujipendekeza. Ni habari sahihi iliyofika kwa wakati, na mtu mzima anaihitaji kama mtoto anavyoihitaji. Martin Levy, daktari wa upasuaji wa mifupa huko New York ambaye pia ni mpenzi wa mafunzo ya mbwa, alichukua kile kidude kinacholia "tak" kikibonyezwa na kukitumia kuwafundisha wanafunzi wa udaktari kufunga mafundo ya upasuaji. Kila hatua iliyofanywa sawasawa ilipata "tak" yake, bila hotuba. Utafiti wake wa mwaka 2016, ambao Karen Pryor alishiriki kuuandika, ulionyesha kwamba waliofundishwa hivyo walifanya kazi kwa usahihi zaidi kuliko walioonyeshwa tu. Kama anayesomea kupasua watu hujifunza hivyo, baba mwenye mbwa wa miezi saba naye ataweza.

4. Usiulize "Mmefanya mazoezi?"

Swali hili huharibu masomo mengi kuliko mvua. Mteja anashusha macho, anasema wiki ilikuwa na mambo mengi, au anasema wamefanya kila siku huku mbwa akimtazama kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuisikia habari hiyo. Wewe unaisoma ile sura na kuhukumu.

Mwaka 2009 Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, New York, alichapisha utafiti juu ya ile sura ya hatia ambayo wenye mbwa wote wanadai kuifahamu: masikio chini, macho pembeni, mkia umekunjwa. Alipanga mambo ili baadhi ya mbwa wakemewe kwa kosa ambalo hawakulifanya. Sura ya hatia ilifuata kukemewa, wala haikutegemea kama mbwa alikuwa amekula chakula kilichokatazwa. Sura ile inaeleza namna mbwa alivyomsoma bwana wake.

Basi uso wa aibu wa mteja wako unaeleza ulivyouliza, na haukwambii alichofanya tangu juma lililopita. Badili swali. Sema, "Nionyesheni mnavyomfanya akae kabla ya kula," kisha tazama. Ndani ya dakika moja utajua kama mazoezi yamefanyika, na mteja hatalazimika kusema uongo. Kama hayakufanyika, fanyeni hapo hapo, na uyapunguze yaingie katika maisha yao jinsi yalivyo. Familia ambayo hupata foleni ya saa mbili kila jioni haitakuwa na nusu saa ya mazoezi. Ina dakika tatu, zile ambazo sufuria ya ugali na dagaa wa mbwa inapoa. Zichukue hizo. Jambo dogo linalofanywa kila siku kabla ya chakula litamfikisha mbwa mbali kuliko ratiba nzuri iliyobandikwa ukutani.

5. Usimnyamazishe anayenguruma

Umewaeleza wateja mara nyingi kwamba mbwa anayenguruma asipigwe. Mngurumo ni onyo. Mbwa aliyefunzwa kwa fimbo kutonguruma anabaki na hasira yake, ila sasa atauma bila kutangaza. Kwa hiyo tunamshukuru kwa kusema na tunatafuta kinachomkera.

Mteja anayelalamika naye anakupa onyo la bure. "Mwalimu, hela inaenda na mbwa bado anarukia wageni." Usijitetee, usimkumbushe kwamba yeye ndiye humruhusu arukie watoto. Kaa chini umwambie, "Nieleze ilivyokuwa mara ya mwisho." Ndani ya maelezo hayo utaikuta kazi yako. Mteja wa kuogopa ni yule aliyeacha kulalamika. Huyo atakulipa, atakushukuru, na mwezi ujao mbwa atapelekwa kwa mjomba shambani pasipo wewe kuambiwa.

6. Mheshimu mzee anayetaka kuwa bosi wa mbwa

Utakutana naye mapema. Ametazama vipindi vya televisheni, na anajua kwamba mbwa lazima alazwe chali na kubanwa mpaka akubali nani mkubwa. Ukimwambia mbele ya mkewe na wanawe kwamba huo ni upuuzi, umefukuzwa kazi, na mbwa ataendelea kulazwa chali.

Mweleze jambo hilo lilivyoanza, maana halikuanzia kwa wajinga. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel alichapisha uchunguzi wake juu ya mbwa mwitu wa nchi za baridi waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Walikuwa wamewekwa pamoja mahali padogo, na waligombea ukubwa. Mwaka 1970 mtaalamu Mmarekani David Mech aliandika kitabu kilicholieneza wazo la kiongozi anayetawala kwa nguvu. Baada ya miaka mingi ya kuwafuatilia porini, Mech mwenyewe aliandika mwaka 1999 kwamba kundi la kawaida la mbwa mwitu ni baba, mama na watoto wao, na kwamba wazazi huongoza kwa sababu ni wazazi. Alimwomba hata mchapishaji aache kukichapisha kitabu chake. Mzee akiyasikia hayo hatajiona amedharauliwa. Atajiona yuko upande mmoja na mtaalamu aliyepata ujasiri wa kujisahihisha.

Kisha mpe kazi, maana ukimnyang'anya mtu jambo alilozoea bila kumpa jingine, atalirudia ukishatoka. Hata mbwa anayerukia wageni tunampa kazi ya kukaa, kwa sababu hawezi kukaa na kuruka kwa wakati mmoja. Mwambie, "Mzee, wewe ndiye mwenye chakula, funguo na geti. Kila utakapolifungua geti, ngoja kwanza mbwa akae." Mbwa anakaa, mzee anafungua, heshima yake imepanda na hakuna aliyebanwa. Wahenga walishasema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Kumtoa mzee kwenye kipindi cha televisheni ni kazi nyepesi zaidi.

7. Mfahamu anayeishi na mbwa

Aliyekuita ni mwenye nyumba, naye anatoka alfajiri na kurudi taa zikiwa zimewashwa. Anayempikia mbwa ni dada wa kazi. Anayemfungulia usiku ni mlinzi. Anayecheza naye mchana ni mtoto wa darasa la tatu. Mwalimu anayemfundisha mwenye nyumba peke yake anamfundisha mtu ambaye mbwa humwona Jumapili.

Omba wote wawepo, na uombe kwa adabu: "Mama, naomba dada na mlinzi wajumuike nasi kwa nusu saa, ili mbwa asichanganyikiwe." Kisha waulize wao kwanza. Mlinzi wa usiku anajua mbwa hubweka saa ngapi na kwa ajili ya nani. Dada anajua ni chakula gani huachwa. Ukiwauliza mbele ya mwajiri wao na kuyatumia majibu yao, umewapa cheo, na watayalinda masomo yako wewe usipokuwepo. Hapo hapo kubalianeni amri moja. Kama baba anaamuru kwa Kiingereza, dada anasema "kaa", mtoto anasema "kaa chini bwana" na mlinzi anapiga mluzi, mbwa hana kosa. Andikeni neno moja kwenye karatasi na kulibandika jikoni.

Huenda dada au mlinzi ni Mwislamu na hataki kuguswa na mbwa. Waislamu wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi nzito: kilichopatwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yenye udongo. Dini hiyohiyo inaruhusu mbwa wa kulinda, wa kuwinda na wa kuchunga mifugo, kwa hiyo mlinzi huyo anaweza kuifanya kazi kwa moyo mweupe ukimsaidia. Usimwambie mbwa ni safi kwa kuwa ameogeshwa jana. Tafuta upawa wenye mpini mrefu wa kugawia chakula na koti la kazi litakalobaki kibandani. Mfundishe mbwa kwenda kwenye jamvi lake hatua mbili mbali na kukaa mpaka bakuli liwekwe na mtu aondoke. Zoezi hili ni zuri kwa mbwa yeyote, na kwa nyumba hiyo ni heshima kwa mtu anayetaka kuswali bila shaka moyoni.

8. Waambie mapema kwamba hali itachafuka kwanza

Mbwa aliyezoea kubweka mezani mpaka arushiwe kipande, siku atakaponyimwa atabweka zaidi kabla ya kunyamaza. Huo ni mwendo wa kawaida wa tabia inayokosa malipo yake. Baba akivumilia dakika ishirini kisha akampa, amemfundisha mbwa kwamba bei imepanda: sasa ni dakika ishirini. Mteja asiyeambiwa haya ataamini mbinu yako imeshindwa hasa katika usiku ule ambao inaanza kufanya kazi. Mwambie kabla, umpe pamba za masikio ikibidi, na umpigie simu kesho yake asubuhi.

Sheria hiyo inahusu pia simu zinazoingia saa tano usiku. Ukimjibu mteja kwenye simu ya nne, umemfundisha kupiga mara nne. Kubalianeni siku ya kwanza: maswali ya kawaida mchana, usiku ni kwa mbwa aliyeuma mtu au aliyekula sumu, na hapo nambari ya kwanza iwe ya daktari wa mifugo. Ada nayo itajwe siku hiyohiyo, kwa sauti ya kawaida, kabla ya chai kuisha. Mteja hukasirishwa zaidi na bei iliyojificha kuliko na bei kubwa.

9. Ukweli mgumu useme ukiwa na sababu

Wapo wanaotaka mbwa mkali. Kibao cha "Mbwa Mkali" kiko getini na mbwa yuko kwenye mnyororo tangu asubuhi, kwa imani kwamba hasira ya mchana italinda usiku. Usimhubirie mwenye nyumba ukatili. Anza na anachokitaka, ambacho ni usalama. Mbwa aliyefungwa muda wote hajui kutofautisha mwizi na shangazi, na wa kwanza kuumwa mara nyingi ni mtoto wa humo ndani. Mlinzi mzuri ni mbwa anayejua watu wake na anayeitika akiitwa. Kama kuna mtoto wa mbwa, samaki mkunje angali mbichi: kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ndipo anapojifunza kwa wepesi kwamba watoto, pikipiki na wageni wenye miavuli ni sehemu ya dunia.

Ukishasikilizwa, tumia nafasi hiyo kwa jambo linalookoa maisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na takribani wanne kati ya kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu kila mara chanzo ni mbwa. Uliza kadi ya chanjo katika ziara ya kwanza. Wafundishe watoto wa nyumba wasimsogelee mbwa anayekula wala aliyelala, na wafundishe watu wazima kwamba aliyeumwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Yule mzee ambaye hukumwaibisha atakusikiliza hapa. Hii ndiyo faida ya upole wote uliotangulia.

10. Jiondoe kidogo kidogo

Mbwa akishajua, unapunguza vipande vya nyama, na kwa mteja ujipunguze wewe mwenyewe. Mara ya kwanza unashika kamba wewe. Baadaye wanaishika wao na wewe unaelekeza. Kisha unakaa kitini bila kusema neno. Mwisho unasimama nje ya geti na kusikiliza mbwa akiitwa na kuitika. Usiogope kupoteza kipato. Nyumba iliyofaulu bila wewe ndiyo itakayokupeleka kwa jirani.

Mbwa wengi wanaorudishwa walikotoka, wanaofungwa mnyororo maisha yote au kutelekezwa njiani walikuwa na uwezo wa kujifunza. Watu wao ndio waliokata tamaa, na mara nyingine alikuwapo mwalimu aliyewafanya wajione wajinga. Sisi tunaosema tunawapenda mbwa tunalo deni hapo, nalo hulipwa kwa subira ileile tuliyozoea kuwapa wenye miguu minne. Kesho, kabla hujaufungua mfuko wa maini, muulize mlinzi wa usiku mbwa alilalaje.